Waifai ikikatakata, fundi apime kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linaloonekana dogo kwa mtu ambaye halijamfika, lakini ambalo linawamaliza watu fedha na muda katika miji yetu. Ni kompyuta mpakato ambayo waifai yake inakatakata, na namna mafundi, wauzaji wa intaneti na sisi wateja tunavyolishughulikia tatizo hilo kwa kubahatisha. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari hapa Tanga. Si fundi wa kompyuta, wala siandiki ili kuwaharibia mafundi riziki yao. Naandika kwa sababu nimeliona jambo hili ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikalifuatilia hadi mwisho wake, na nilichokiona mwishoni kilinisikitisha.

Naishi na binti wa marehemu kaka yangu, ambaye mwaka jana alikuwa akisoma shahada yake kwa njia ya masafa. Kazi zake zote za masomo alizipakua na kuziwasilisha kwa intaneti. Kompyuta yake ni ya mtumba, tuliinunua Dar es Salaam, na mwaka wa kwanza haikumsumbua. Baadaye ikaanza kubadilika: kila baada ya dakika kumi, wakati mwingine tano, waifai inaondoka, inakaa kama nusu dakika, kisha inarudi yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Usiku mmoja alikuwa akipandisha kazi ambayo mwisho wa kupokelewa ulikuwa saa sita usiku. Ilimwondokea mara tatu, na mara ya nne nikamsikia akiniita kutoka sebuleni: "Baba mdogo, imeondoka tena." Nilipofika nilimkuta ameweka mikono kichwani. Tuliichomeka simu yangu kwenye kompyuta kwa kebo, tukatumia bando langu, na kazi ikafika zikiwa zimebaki dakika chache. Usiku ule sikuzingatia kwamba kwa kebo intaneti haikukatika hata mara moja. Nilikuja kulikumbuka hilo wiki kadhaa baadaye, nikajilaumu.

Kesho yake tulipeleka kompyuta dukani. Fundi wa kwanza hakuuliza swali lolote zaidi ya "inasumbua nini?", akasema inahitaji kupigwa Windows upya, akatoza shilingi 25,000. Alipoirudisha, maandishi ya mihula miwili yalikuwa yamefutika, na jioni ileile waifai ikakatika kama zamani. Fundi wa pili aliitazama kwa muda usiozidi dakika tano, akatuambia bodi, yaani sakiti kuu ya kompyuta, imekufa, na kwamba anayo kompyuta nyingine ya shilingi 450,000 anayoweza kutuachia kwa 420,000. Nilipompigia simu aliyetuunganishia intaneti nyumbani, yeye alishauri tuhamie kifurushi cha kasi kubwa zaidi. Watu watatu walitupa majibu matatu, kila mmoja jibu linalotokana na bidhaa anayoiuza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepima chochote.

Nimelitafakari sana jambo hili, Ndugu Mhariri, na naamini sehemu ya tatizo inaanzia katika neno. Sisi tunasema "mtandao unakata", na neno hilo moja tumelibebesha mizigo mitatu. Mtandao ni minara ya simu. Mtandao ni intaneti yenyewe, ile inayotoka ng'ambo kwa nyaya za baharini. Na mtandao ni waifai, yaani yale mawimbi ya redio yanayosafiri umbali mfupi, kutoka kwenye ruta (kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani) iliyo ukutani hadi kwenye kompyuta iliyo mezani. Mteja anapomwambia fundi kwamba mtandao unakata, hajamwambia ni safari ipi kati ya hizo iliyokatika, na fundi naye haulizi. Mtu anayelalamika kwamba maji hayatoki anaulizwa kama bomba la nje linatoa. Kwenye intaneti swali la namna hiyo haliulizwi, ingawa jibu lake linapatikana kwa dakika chache na bila gharama.

Jibu linapatikana hivi, na naomba nieleze kwa kituo kwa sababu ndiyo nia ya barua hii. Kompyuta inayotumia Windows ina dirisha la kuandikia amri, ambalo hufunguka mtu akiandika herufi cmd kwenye sehemu ya kutafutia. Ukiandika humo ipconfig, utaona orodha ya namba, na mojawapo ni anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1 au namba inayofanana na hizo. Fungua madirisha mawili ya namna hiyo, uyaweke ubavu kwa ubavu. La kwanza andika ping -t ikifuatwa na anwani ya ruta. La pili andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya mashine za Google zinazojibu umma wa dunia nzima. Kuanzia hapo kompyuta inabisha hodi kila sekunde kwenye milango yote miwili, na kila ikijibiwa inaandika mstari mmoja. Wapo wanaoogopa kwamba jambo hili litakula bando. Halili: kila hodi ina baiti chache sana, na ukiliacha dirisha moja likibisha kwa saa nzima, halifikishi megabaiti moja.

Sasa kaa usubiri waifai ikatike. Ikiwa dirisha la ruta linaendelea kujibiwa huku la nje limenyamaza, basi kompyuta yako ni nzima na waifai yako ni nzima. Kilichokatika kiko baina ya ruta na dunia, na hapo wa kuulizwa ni aliyekuuzia intaneti. Ikiwa madirisha yote mawili yananyamaza kwa pamoja, safari iliyokatika ni ile fupi ya ndani ya nyumba, kutoka mezani hadi ukutani, na kifurushi cha kasi kubwa hakitakusaidia hata kidogo. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C, na kompyuta itakuandikia ni asilimia ngapi ya hodi zilipotea.

Sisi tulifanya jaribio hilo Jumamosi usiku, mimi na binti, tukiwa tumezima televisheni ili tusikengeuke. Mistari ya ruta ilishuka taratibu: milisekunde 3, milisekunde 4, 2, 3. Baada ya kama dakika saba ikaja 190, kisha 840, kisha ukafuata mstari unaosema muda wa kusubiri jibu umekwisha, na wa pili, na wa tatu. Dirisha la nje likanyamaza papo hapo. Binti akanyoosha kidole kwenye kioo akasema, "Kumbe haifiki hata kwenye ruta, baba mdogo." Zilikuwa zimepita wiki tano tangu tuanze kuhangaika, na shilingi 25,000 zilikuwa zimekwisha kwenda.

Hapa niweke tahadhari moja, kwa kuwa watu wengi hupima kwa kulinganisha na simu. Husema, "mbona simu yangu iko hapahapa na haikatiki?" Kulinganisha ni jambo jema, lakini kwanza zima data ya simu. Simu nyingi zikiona waifai imedhoofika huhamia kwenye data ya laini kimyakimya, na mwenye simu akadhani waifai ni imara kumbe anakula bando lake mwenyewe.

Tulipojua ni safari ya ndani, tukabaki na mambo machache ya kuchunguza. La kwanza lilikuwa umeme wa kompyuta yenyewe. Kadi ya waifai iliyomo ndani ya kompyuta mpakato imetengenezwa ili isinziesinzie kwa ajili ya kuokoa betri: ruta hutoa tangazo fupi takribani mara kumi kwa sekunde, na kadi huamka kusikiliza tangazo hilo kama kuna mzigo wake, kisha husinzia tena. Kadi na ruta zisipoelewana vizuri katika mpango huo, au draiva, yaani programu ndogo inayoiendesha kadi, ikiwa na kasoro, kadi hupitiwa na usingizi na mawasiliano hukatika. Kwenye Windows, ndani ya sehemu inayoitwa Device Manager, ukibofya mara mbili jina la kadi ya waifai, kwa kawaida utakuta kichupo kinachohusu nishati, na humo kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Tuliondoa alama ya vema kwenye kisanduku hicho. Hali ikapata nafuu kompyuta ilipokuwa kwenye betri, lakini haikupona, na ningelikuwa fundi mwenye haraka ningelisema kazi imekwisha.

Kilichotufikisha mwisho ni namba nyingine. Katika dirisha lilelile la amri, ukiandika netsh wlan show interfaces, kompyuta inakuambia nguvu ya mawimbi inayoyapokea kwa asilimia, pamoja na chaneli, yaani kijia cha masafa ya redio, inayotumia. Tuliiweka kompyuta umbali wa mita moja kutoka kwenye ruta, pasipo ukuta wala pazia baina yao. Ikasoma asilimia 41. Kwa umbali ule ilipaswa kukaribia 100. Nikamuuliza binti kama kompyuta ile iliwahi kufunguliwa na mtu, akakumbuka kwamba miezi michache kabla ya matatizo kuanza ilibadilishwa kioo baada ya kuanguka.

Wasomaji wengi huenda hawajui, kama ambavyo mimi sikujua hadi siku ile, kwamba antena za waifai za kompyuta mpakato mara nyingi hazikai chini pamoja na bodi. Zimefichwa kandokando ya kioo, na kutoka huko waya mbili nyembamba, mara nyingi mmoja mweusi na mwingine mweupe, hupita ndani ya bawaba hadi kwenye kadi. Kila waya unaishia na kishikizo cha duara, kidogo kuliko punje ya choroko, ambacho hubanwa juu ya kadi kwa kusukumwa na ncha ya kidole mpaka kilie. Anayebadilisha kioo kwa kawaida huvichomoa vishikizo hivyo, na akiwa na haraka anavirudisha nusunusu, au anaubana waya kwenye bawaba. Kompyuta inawaka, kioo kinang'aa, mteja analipa na kuondoka. Wiki zinapita, kompyuta inafunguliwa na kufungwa, kishikizo kinaachia kidogo kidogo.

Tuliipeleka kwa kijana mmoja mwenye meza karibu na soko, ambaye hana duka wala bango. Nilimwomba aifungue mbele yetu. Alitoa skrubu kwa bisibisi ndogo, akainua kifuniko cha chini, na akatuonyesha wenyewe: waya mweusi ulikuwa umelala pembeni ya kadi, kishikizo chake kikiwa hewani. Alikifuta kwa pamba yenye spiriti, akakisukuma, kikalia. Akafunga skrubu mbili tu kwa muda, akawasha, akaniambia, "Mwalimu, pima tena." Tulitumia hotspoti ya simu yake iliyokuwa upande wa pili wa meza. Asilimia 96.

Ninapopita kwenye kona za mafundi baiskeli hapa Tanga, naona jambo ambalo natamani lihamie kwenye maduka ya kompyuta. Fundi baiskeli akiletewa tairi lisilo na upepo hasemi tyubu imekufa. Anaijaza upepo, anaizamisha kwenye beseni la maji, anaizungusha polepole hadi mapovu yatokee, na anakuonyesha mapovu hayo kabla hajakata kiraka. Mteja halazimiki kumwamini, kwa kuwa ameona kwa macho yake. Beseni la maji la waifai lipo, limo ndani ya kila kompyuta yenye Windows, na halihitaji kununuliwa. Nasema hili nikiwa na heshima kwa mafundi, kwa kuwa kazi yao ni ngumu na malipo yao ni madogo. Lakini kumwambia mwanafunzi atoe shilingi 420,000 kabla ya kuandika mstari mmoja wa kupima ni jambo ambalo siwezi kulinyamazia.

Baada ya habari ya binti kuenea shuleni, walimu wenzangu na majirani wamenijia na kompyuta zao, na nimejifunza kwamba chanzo hakiko mahali pamoja. Mmoja alikuwa na kompyuta ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Waifai ya nyumbani kwake ilionekana kwenye simu zote za familia, ila kwenye kompyuta ilikuwa ikitokea siku mbili na kupotea siku ya tatu. Katika masafa ya gigahezi 2.4, nchi nyingi, yetu ikiwamo, zina chaneli 1 hadi 13, lakini kadi nyingi za Marekani husikiliza chaneli 1 hadi 11 tu. Ruta yake ilikuwa imeachiwa ijichagulie chaneli, na kila ilipoangukia 12 au 13, kompyuta ile ilikuwa kiziwi. Tuliifunga ruta kwenye chaneli 6, na hajarudi kwangu tena. Kwa wingi wa kompyuta za mtumba zinazoingia nchini, naamini wapo wengi wanaoambiwa kadi zao ni mbovu wakati ni nzima kabisa.

Wanaoishi kwenye nyumba za kupanga zenye ruta katika kila mlango wana shida tofauti. Chaneli za masafa hayo zimepandana: zinapishana kwa megahezi 5 tu ilhali kila ruta inatumia upana wa takribani megahezi 20, kwa hiyo zisizogusana ni 1, 6 na 11. Ruta ikiwekwa kwenye chaneli 3 inapigana na majirani wa pande zote mbili. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi, ila yanachoka haraka yakikutana na kuta, na kuta zetu za pwani za mawe ya matumbawe ni nene kwelikweli. Kabati lenye kioo kikubwa, tangi la maji na ukuta wa mabati navyo huzuia mawimbi. Ruta isifichwe nyuma ya televisheni kwa sababu tu ya urembo wa sebule.

Kisa kilichonikalia zaidi ni cha duka la kuchapa na kudurufu lililo karibu na shule yetu. Mwenye duka alilalamika kwamba intaneti yake inakatika wateja wanapokuwa wengi, akaamini kwamba watu wanamwibia waifai, akabadilisha neno la siri mara tatu. Nilikaa pale mchana mmoja nikiitazama ruta badala ya kompyuta. Kila printa kubwa ya leza ilipoanza kupata moto, taa zote za ruta zilizimika kwa pamoja, kisha zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine, na intaneti ikachukua karibu dakika mbili kurudi. Ruta na printa zilikuwa kwenye kebo moja ya kuongezea umeme, na adapta ya ruta ilikuwa imechoka. Nilichukua mita ya umeme ya maabara ya shule. Adapta iliyoandikwa volti 12 ilitoa 12 ikiwa haina mzigo, lakini ilipoibeba ruta ilishuka hadi 9 na kitu, na printa ilipovuta umeme ruta haikuweza kustahimili. Alinunua adapta nyingine ya volti 12 na ampea 1, sawasawa na maandishi yaliyo chini ya ruta yake, akaihamishia kwenye soketi ya peke yake. Niliporudi wiki iliyofuata kuchapa mitihani alikataa kunitoza.

Naomba niwaambie na watoa huduma za intaneti neno moja. Mteja akipiga simu kulalamika, jambo la kwanza analoambiwa ni kuzima ruta na kuiwasha. Ushauri huo una nafasi yake, kwa kuwa ruta ikiwaka upya husafisha kumbukumbu yake, huomba anwani mpya, na huenda ikachagua chaneli yenye nafasi. Lakini nafuu hiyo ikidumu saa mbili kisha tatizo likarudi, haijatibu kitu, na mteja akiambiwa tena azime na kuwasha kwa mara ya sita anakuwa anapotezewa muda. Anayepokea simu angeweza kuuliza maswali mawili: je, jina la waifai linapotea kwenye kompyuta, au linabaki huku ikiandika kwamba hakuna intaneti? Na je, simu iliyozimwa data inakatika wakati uleule? Majibu ya maswali hayo yangewaepusha hata wao kuwatuma mafundi kwenye nyumba ambazo kebo zake ni nzima.

Na kuna siku ambazo kweli kosa haliko kwetu wala kwao. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi nyingine kadhaa za ukanda huu. Wiki ile mwalimu mwenzangu alipeleka kompyuta yake dukani kwa sababu "mtandao unakata", nayo ikapigwa Windows upya na akatozwa fedha, ilhali nusu ya mji ilikuwa na malalamiko hayohayo. Hakuna Windows inayounganisha waya uliokatika chini ya bahari. Hodi mbili zingetosha: ruta ingejibu, dunia isingejibu, na kompyuta ingebaki nyumbani.

Siku hizi nasikia sababu nyingine dukani, kwamba kwa kuwa Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta zote za zamani lazima zitasumbua waifai. Ni kweli masasisho yamekoma, na ni kweli kwamba usalama wa kompyuta hizo unahitaji kufikiriwa kwa uzito. Lakini kukoma kwa masasisho hakukati mawimbi ya redio. Kinachoweza kukata ni draiva iliyobadilika, na hilo huweza kutokea zaidi baada ya kusasisha kuliko baada ya kuacha. Kwa hiyo, ikiwa tatizo lilianza siku moja baada ya kompyuta kujisasisha, mwambie fundi airudishe draiva ya awali kabla ya kufuta chochote. Windows inaweza pia kukuandalia ripoti ya siku tatu zilizopita kwa amri ya netsh wlan show wlanreport, ikionyesha kila mara waifai ilipokatika, saa ngapi, na mara nyingi sababu yake. Dirisha la amri lifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi ndipo itakubali. Sijapata kumwona fundi akiifungua ripoti hiyo mbele ya mteja.

Ombi langu kwa mafundi ni kwamba kila anayepokea kompyuta yenye tatizo la waifai aandike namba mbili kwenye risiti: nguvu ya mawimbi kwa asilimia kompyuta ikiwa mita moja kutoka kwenye ruta, kabla ya kazi na baada ya kazi. Aandike pia kama ruta ilikuwa ikijibu hodi au la. Mteja asiyejua kusoma namba hizo atazipeleka kwa anayejua, na fundi atakayefuata hataanza upya kwa kubahatisha. Kwako, Ndugu Mhariri, naomba gazeti lenu litenge hata safu fupi kila wiki ya kueleza mambo haya kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa kuwa maelezo mengi yaliyopo yako kwa Kiingereza, na anayeumia zaidi ni yule asiyeweza kuyasoma.

Yule kijana wa karibu na soko alinitoza shilingi 5,000. Hakuwa na kitabu cha risiti, kwa hiyo nilimwomba aniandikie kwenye kipande cha karatasi, naye akaandika tarehe, "waya wa antena ulichomoka", kisha 41 na 96. Binti ameihifadhi karatasi hiyo ndani ya mkoba wa kompyuta, na kila mwisho wa mwezi anapima tena na kuongeza namba chini yake. Ya mwezi uliopita ilikuwa 95.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Tanga